Anayecheza Peke Yake Hana wa Kumuuliza: Uhakiki wa Michezo ya Video ya Mchezaji Mmoja kwa Mtazamo wa Pwani ya Kismayo na Visiwa vya Wabajuni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki michezo ya video ya mchezaji mmoja kwa kuzingatia vipengele ambavyo wachezaji hutamani viwemo katika kila mchezo: kusitisha na kuhifadhi wakati wowote, manukuu yanayosomeka, uchaguzi wa kiwango cha ugumu, muhtasari wa hadithi na uwezo wa kucheza bila intaneti. Kwa kawaida vipengele hivi hujadiliwa kama masuala ya ufundi na starehe. Makala yanadai kwamba ni masuala ya lugha kabla ya kuwa ya ufundi, na kwamba dai hili huonekana wazi zaidi tunapomweka mbele yetu mchezaji ambaye watengenezaji hawakumfikiria: kijana wa Kibajuni wa Koyama, Chula, Kismayo au wa familia iliyohamia Mombasa. Michezo inayochambuliwa ni Civilization IV, Resident Evil 5, Halo 3: ODST na Tales of Kenzera: ZAU, pamoja na programu za kujisomea zilizojaribiwa mkoani Tanga. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyombo vya Kiswahili vya kikanda.

Istilahi muhimu: michezo ya video, mchezaji mmoja, ujanibishaji, manukuu, Kibajuni, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Wachezaji wa michezo ya video wana orodha yao ya matakwa, na orodha hiyo haitofautiani sana kati ya Nairobi, Muskat na London. Wanataka mchezo usitishwe wakati wowote, hata katikati ya masimulizi. Wanataka kuhifadhi walipofika bila kusubiri kituo kilichopangwa na mtengenezaji. Wanataka manukuu yenye herufi kubwa na jina la msemaji, ugumu unaoweza kupunguzwa, vitufe vinavyoweza kupangwa upya, muhtasari kwa anayerejea baada ya miezi miwili, na mchezo unaofunguka hata pale ambapo intaneti haipo.

Orodha hii hupokewa na wahakiki wengi kama malalamiko ya wateja. Katika makala haya ninaichukulia kama nadharia ya usomaji. Mchezo wa mchezaji mmoja ni matini ambayo msomaji wake yuko peke yake na mashine. Jambo hili ni geni kwa desturi ya michezo na fasihi ya pwani yetu. Bao huchezwa na wawili, na waliolizunguka hushauri, hukosoa na hucheka. Kitendawili huhitaji mtegaji na mteguaji. Utenzi husomwa kwa sauti mbele ya hadhira, na asiyeelewa neno humgeukia aliye kando yake. Kuuliza si ujinga, lakini sharti awepo wa kuulizwa.

Anayecheza peke yake hana wa kumuuliza. Kwa hiyo kila kipengele katika orodha ya matakwa kinajaza nafasi ya mtu fulani asiyekuwepo. Manukuu ni jirani anayerudia maneno yaliyotupita, na muhtasari ni rafiki anayetukumbusha hadithi ilipofikia. Kiwango cha ugumu hufanya kazi ya mwalimu anayepunguza mwendo. Tukikubali hoja hii, swali linalofuata haliepukiki: huyo jirani, rafiki na mwalimu wanazungumza lugha gani?

Nimechagua kulijibu swali hilo kutokea pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, yaani safu ya visiwa vidogo inayoanzia karibu na Kismayo na kuelekea kusini-magharibi hadi jirani na mpaka wa Kenya, ambamo Koyama, Chovai na Chula ndivyo vinavyojulikana zaidi kwa makazi ya watu. Sababu ya uchaguzi huu ni ya kiuhakiki. Matini hupimwa vyema zaidi na msomaji aliye mbali na yule aliyefikiriwa na mwandishi. Mchezo ukimfaa mchezaji wa Chula, utawafaa wengine wengi walio karibu zaidi.

2.0 Kiswahili mlangoni

Kiswahili hakikosekani katika michezo mikubwa ya dunia. Tatizo ni mahali kinapowekwa. Mifano mitatu inatosha kuonesha hali hiyo.

Mfano wa kwanza ni Civilization IV, uliotolewa na studio ya Firaxis mwaka 2005. Wimbo unaopigwa katika ukurasa wa mwanzo, Baba Yetu, ulitungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Kiswahili ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulimpatia mtunzi tuzo ya Grammy, na ukawa utunzi wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Watu wengi wasiojua neno lingine la Kiswahili wameimba wimbo huo kwaya kwa kwaya. Hata hivyo, mchezaji anapobonyeza kitufe cha kuanza, Kiswahili kinabaki nje. Katika toleo la kwanza la mchezo huo Afrika iliwakilishwa na Misri na Mali. Miji ya pwani yetu haikuwa ustaarabu wa kuchezwa, na maelezo ya mchezo hayakutolewa kwa Kiswahili. Lugha imewekwa mlangoni kama zulia zuri, na mgeni akishalikanyaga hulisahau.

Mfano wa pili ni Resident Evil 5 wa kampuni ya Capcom, uliotolewa mwaka 2009. Hadithi yake hutokea Kijuju, mahali pa kubuni panapotajwa kuwa Afrika Magharibi. Maadui wake wanaitwa Majini, na lugha wanayopigia kelele ni Kiswahili. Mjadala wa dunia juu ya mchezo huu ulihusu picha za ubaguzi wa rangi, na ulistahili. Lakini kosa la kiisimu halikupata uzito wake. Kiswahili kimeng'olewa katika pwani yake, kikapandwa upande wa pili wa bara na kukabidhiwa kwa viumbe waliopoteza utu. Mchezo umejengwa kwa imani kwamba mchezaji hatakielewa. Kazi yake ni kutisha. Mchezaji anayekielewa anakutana na hali ya ajabu: wanaozungumza lugha ya mama yake ndio anaoamriwa kuwapiga risasi, na shujaa anayemwongoza ndiye asiyeelewa kinachosemwa. Hapa hakuna idadi ya mipangilio inayoweza kumsaidia, maana kosa liko katika nafasi aliyopangiwa msemaji wa lugha.

Mfano wa tatu una staha zaidi. Halo 3: ODST, uliotoka mwaka 2009, unamtembeza mchezaji usiku katika magofu ya New Mombasa, mji wa karne ya ishirini na sita. Sehemu zake zina majina kama Kizingo na Kikowani, ambayo mkazi yeyote wa Mombasa anayafahamu, na uwanja mmoja unaitwa Tayari. Bila shaka mtu alifungua ramani na kamusi. Hata hivyo, Kiswahili hapa ni cha vibao vya barabarani: mji una majina ya Kiswahili lakini mchezaji hawezi kuusoma mchezo wenyewe kwa Kiswahili.

Wimbo, kelele na kibao. Hizo ndizo nafasi tatu ambazo Kiswahili kimepewa, na katika zote tatu mchezaji hahitaji kukielewa ili aendelee.

3.0 ZAU: sauti inapoingia ndani

Mabadiliko ya maana yalikuja Aprili 2024, pale studio ya Surgent ya Uingereza ilipotoa Tales of Kenzera: ZAU. Mwanzilishi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye awali aliigiza sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins (2017). Mchezo huu ulizaliwa kutokana na msiba wa kufiwa na baba yake. Shujaa wake, Zau, ni mganga kijana anayemwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumtaka amrudishe baba yake. Kwa malipo, Zau aahidi kumletea roho kuu tatu. Anapigana kwa vinyago viwili vya jua na mwezi alivyorithi. Mchezaji anaweza kuchagua kuisikiliza hadithi yote kwa sauti za Kiswahili.

Uamuzi huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwa mara ya kwanza katika mchezo wa kiwango hiki, Kiswahili ndicho lugha ya anayehuzunika, anayebishana, anayekosea na anayesamehe. Nafasi ya msemaji imegeuka: yule aliyekuwa jini katika Kijuju amekuwa mwana anayemlilia mzazi. Zaidi ya hayo, mchezo una mahali ambapo Zau huketi chini ya mbuyu na kuzungumza na Kalunga juu ya hasira na hofu yake, na mapumziko hayo humwongezea uhai. Katika orodha ya matakwa, kusitisha ni kitufe tu. Katika ZAU, kupumzika kumefanywa kuwa sehemu ya maana ya hadithi.

Uhakiki wa haki lazima uoneshe pia mipaka yake. Kwanza, ulimwengu wa Kenzera umekusanywa kutoka pande nyingi. Kalunga ni dhana ya Wakongo na majirani zao. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. Mkusanyo huo una uhalali wa kisanaa, lakini msikilizaji wa pwani husikia Kiswahili kikisimulia mambo ambayo si ya pwani. Lugha imeingia ndani ya nyumba, lakini vyombo vya nyumbani ni vya kwingine. Pili, Kiswahili hiki ni tafsiri ya kazi iliyobuniwa katika mazingira ya Kiingereza, nacho ni kimoja tu: hakuna mhusika anayejulikana asili yake kwa lahaja yake. Tatu, zipo sehemu ambamo kosa moja la kidole huua papo hapo, ingawa mchezo unaruhusu kupunguza ukali wa mapigano. Mtu anayetaka kuisikia hadithi ya kufiwa kwa lugha yake anaweza kukwamishwa na miba na moto kabla hajaifikia.

4.0 Orodha ya matakwa ikisomwa kutoka Kismayo

4.1 Kusitisha na kuhifadhi

Katika miji mingi ya pwani ya Afrika Mashariki, kijana hukutana na mchezo wa video katika kibanda cha kulipia kwa muda au kwa mechi. Mashine ni ya wote, pedi hupokezanwa, na nyuma ya mchezaji wamesimama wanaongoja zamu. Ndiyo maana michezo ya mpira wa miguu imetawala vibanda hivyo: mechi ina mwanzo na mwisho ndani ya dakika chache. Mchezo wa hadithi unaohitaji saa ishirini hauna nafasi, hasa ukikataa kuhifadhi hadi kituo kinachofuata kifikiwe. Umeme ukikatika, au fedha ikiisha, safari yote inapotea.

Kwa hiyo ukosefu wa kuhifadhi wakati wowote una athari ya kifasihi: unaamua ni tanzu zipi zitakazowafikia watu wetu. Kijana wa kibandani hupata ushindani na hukosa masimulizi. Watunga sera wanaolalamika kwamba michezo ya video haina mafunzo wangefaa kutazama kwanza kipengele hiki kidogo kinachowazuia vijana kuifikia ile yenye hadithi.

4.2 Manukuu na ngeli

Manukuu mazuri, kwa mujibu wa wachezaji, yana herufi zinazoweza kukuzwa, jina la msemaji, usuli unaotenganisha maandishi na picha, na kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Kwa mchezaji anayesoma lugha ya pili au ya tatu, kumbukumbu hiyo ndiyo muhimu kuliko yote, kwa kuwa humruhusu arudi asome tena polepole. Pale Kismayo, mtoto wa Kibajuni huishi kati ya lugha ya nyumbani, Kisomali cha mjini na shuleni, Kiarabu cha madrasa na Kiingereza cha skrini. Manukuu yanayopita kwa sekunde mbili humfungia mlango.

Lakini kuongeza Kiswahili katika orodha ya lugha hakutoshi ikiwa mchezo umejengwa kwa sarufi ya Kiingereza. Michezo mingi huunda sentensi kwa kupachika nomino katika nafasi iliyoachwa wazi: umepata fulani mpya. Kwa Kiingereza kivumishi hakibadiliki. Kwa Kiswahili, nanga ni mpya, chano ni kipya, jahazi ni jipya na makasia ni mapya. Programu isiyojua ngeli hutoa sentensi ambazo mtoto wa miaka minne angezicheka. Dawa yake si ngumu: kila nomino iwekwe pamoja na ngeli yake, na kila kiambishi kichaguliwe kwa mujibu wa ngeli hiyo. Kazi hii lazima ifanywe mwanzoni, wakati mchezo unapopangwa. Ikiachwa hadi mwisho, mfasiri hulazimika kuzunguka kila sentensi, na Kiswahili hutoka kikiwa kimekonda. Hapa ndipo wanaisimu wetu wana ujuzi ambao wahandisi hawana, na ndipo pia ambapo hatujajitokeza.

4.3 Kiwango cha ugumu

Wapo wahakiki wanaopinga matakwa ya kupunguza ugumu. Hoja yao ni kwamba katika kazi kama Dark Souls (2011), ambayo haiwezi hata kusitishwa, ugumu ndio maana yenyewe. Kuulegeza ni kama kufupisha utenzi kwa sababu msikilizaji amechoka. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, inachanganya aina mbili za ugumu. Upo ugumu wa kazi, ambao msanii ameukusudia, na upo ugumu wa mlango, unaotokana na maelekezo yasiyoeleweka, herufi ndogo, rangi zisizotofautika au lugha ngeni. Mchezaji wa Chula anapokufa mara kumi kwa sababu hakuelewa agizo, hajakutana na sanaa ya msanii. Amekutana na mlango.

Michezo kadhaa imeonesha kwamba ugumu wa mlango unaweza kuondolewa bila kuigusa kazi. Celeste (2018) humwachia mchezaji apunguze kasi ya mchezo au aongeze ustahimilivu wake, na humweleza waziwazi jinsi ulivyokusudiwa kuchezwa. The Last of Us Part II (2020) una zaidi ya mipangilio sitini ya ufikivu, ikiwemo ile inayowawezesha wasioona kuumaliza. Hakuna aliyesema kwa haki kwamba hadithi ya mchezo huo imepungua ukali.

4.4 Kucheza bila intaneti

Mwaka 2013 SimCity ulitolewa kwa sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote, hata kwa aliyetaka kucheza peke yake. Njia ya kucheza bila mtandao iliongezwa mwaka 2014 baada ya manung'uniko makubwa. Mwishoni mwa Machi 2024, Ubisoft ilizima seva za The Crew, na walioununua wakajikuta hawawezi kuucheza hata wakiwa peke yao. Ulaya na Amerika mambo haya yalijadiliwa kama haki ya mnunuzi.

Katika pwani ya Somalia ni suala la kuwepo au kutokuwepo. Juni 2017 meli iliikata kebo ya chini ya bahari, na kusini mwa nchi kukakosa intaneti ya kawaida kwa takriban wiki tatu. Visiwani, ambako hata umeme wa kudumu ni neema, mchezo unaoomba ruhusa ya seva ya mbali kabla ya kufunguka haukutengenezwa kwa ajili ya wakazi wake. Mchezo unaobebwa katika kadi ndogo na kuhamishwa kutoka simu hadi simu ndio unaoweza kuvuka kwa mashua.

5.0 Kiswahili kipi? Kibajuni na gharama ya kunyamazishwa

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba Kiswahili ni kimoja. Mchezaji wetu wa Chula anatukumbusha vinginevyo. Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu, ni lahaja ya kaskazini kabisa miongoni mwa lahaja zinazozungumzwa kuanzia pwani ya Lamu hadi Kismayo. Moja ya alama zake mashuhuri ni kutamka ch pale ambapo Kiswahili sanifu kina t: watu huwa wachu, na tatu huwa chachu. Majina ya visiwa yenyewe yanashuhudia hilo, kwani ramani nyingine huandika Tula na Tovai badala ya Chula na Chovai. Kwa upande mwingine, kama ilivyo katika lahaja jirani za kaskazini, macho huwa mato. Mtoto anayeambiwa na manukuu sanifu kwamba chachu ni kitu cha kuumulia mkate ana haki ya kushangaa, kwa kuwa nyumbani kwao chachu huja baada ya mbili.

Lahaja hii imebeba elimu kubwa: ujenzi na uendeshaji wa vyombo vya bahari, hesabu ya miongo ya mwaka wa baharini, uvuvi wa kasa kwa kumtumia samaki chazo, nyimbo za vave za wakulima wa bara. Mwanaethnografia wa Kiitalia Vinigi Grottanelli aliandika juu ya wavuvi hawa katika kitabu alichokichapisha mwaka 1955, na mwanaisimu Derek Nurse ameikusanya lugha yao kwa miaka mingi. Lakini vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi kwenda Kenya na baadaye Ulaya. Somalia iliupa Usomali mwandiko rasmi mwaka 1972, na Katiba ya Mpito ya mwaka 2012 inatambua Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Kibajuni hakina darasa la kukifundishia.

Hapa ndipo suala la mchezo linapogusa jambo zito zaidi kuliko burudani. Kwa zaidi ya miongo miwili, nchi kadhaa za Ulaya zimetumia uchambuzi wa lugha kuamua kama mwombaji hifadhi anatoka kweli mahali anapodai. Wabajuni wamekuwa miongoni mwa waliopimwa hivyo. Kijana aliyezaliwa Koyama na kukulia Mombasa, aliyejifunza kunyoosha ulimi wake ili asichekwe shuleni, anaweza kuambiwa kwamba Kibajuni chake hakitoshi kuthibitisha alikozaliwa. Kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo mwaka 2004 kuonya dhidi ya matumizi ya haraka ya kipimo hiki, likieleza kwamba watu huchanganya lugha na kwamba mipaka ya lugha haifuati mipaka ya nchi. Onyo hilo bado lina maana.

Sidai kwamba mchezo wa video utamwokoa mtu mahakamani. Ninadai jambo dogo zaidi. Kila matini ya umma inayoandika neno Kiswahili katika orodha ya lugha na kutoa lafudhi moja tu humfundisha kijana kwamba ulimi wa bibi yake ni makosa. Kijana akishaamini hivyo, huuacha. Na siku anapoombwa auoneshe, hana tena. Kunyamazishwa kwa lahaja huanza kwa hiari ndogondogo kama hizi, muda mrefu kabla ya kufika kwenye meza ya ofisa.

6.0 Tanga: ushahidi kwamba inawezekana

Huenda mtunga sera akauliza kama matakwa haya si ndoto. Jibu liko karibu. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu mkoani Tanga programu za kujisomea kwa watoto, kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa nishati ya jua. Programu zilikuwa za Kiswahili, zilifanya kazi bila intaneti na bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, ile ya onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na msimbo wa washindani wote watano wa fainali uliachwa wazi kwa umma.

Kwa istilahi za makala haya, programu hizo zilikuwa michezo ya mchezaji mmoja. Mtoto aliendelea kwa kasi yake, aliacha na kurudi, alikosea bila kuaibishwa, na alisikia maelekezo kwa lugha aliyoielewa. Orodha nzima ya matakwa ilitimizwa, kwa kuwa watengenezaji walilazimishwa na masharti ya shindano kumfikiria mtoto ambaye hana wa kumuuliza.

Tanga pia ina uhusiano na mada yetu ambao haukukusudiwa na waandaaji. Katika mkoa huohuo, makazi ya Chogo wilayani Handeni yaliwapokea Wazigua waliotoka bonde la mto Juba, nyuma ya Kismayo, ambao wahenga wao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizo katika karne ya 19. Barabara ya lugha kati ya Kismayo na Tanga imetembewa kabla. Msimbo ulioachwa wazi unaweza kuitembea tena, safari hii ukiongezewa sauti za Koyama na Chovai.

Kasoro moja lazima itajwe. Programu hizo zilitumia Kiswahili sanifu, na hilo lilifaa kwa lengo la shule za Tanzania. Kuzihamishia pwani ya Kismayo bila kubadili chochote kungerudia kosa la ZAU kwa kiwango cha darasa la kwanza.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Vipengele ambavyo wachezaji huvitamani katika kila mchezo wa mchezaji mmoja vina asili moja: vinarudisha, ndani ya mashine, msaada ambao jamii humpa msomaji. Civilization IV, Resident Evil 5 na Halo 3: ODST vilikichukua Kiswahili bila kumchukua msemaji wake. ZAU ulimchukua msemaji, lakini akiwa na ulimi mmoja. Tanga ilionesha kwamba mchezaji wa mwisho kabisa akifikiriwa kwanza, kila kitu hupangika.

Somalia ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya kanda. Kwa mara ya kwanza, visiwa vya Wabajuni vimo ndani ya eneo ambalo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu nalo. Kwa msingi huo ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, Kamisheni, kwa kushirikiana na BAKITA na BAKIZA, iandae mwongozo mfupi wa ujanibishaji wa michezo, utakaoeleza mfumo wa ngeli kwa namna ambayo mhandisi asiyejua Kiswahili anaweza kuitumia, pamoja na istilahi za mipangilio ya msingi. Pili, serikali na wafadhili wanaonunua programu za elimu waweke masharti ya lazima katika mikataba yao: kufanya kazi bila intaneti, kuhifadhi wakati wowote, manukuu yanayokuzwa, na sauti zinazoweza kubadilishwa kando na maandishi. Tatu, msimbo ulio wazi wa programu za Tanga ufanyiwe majaribio kwa sauti za Kibajuni, zikirekodiwa na wazee na vijana wenyewe kwa ridhaa yao, na rekodi zibaki mali ya jamii, zisigeuzwe kipimo cha kuwahukumia. Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu ziukubali mchezo wa video kuwa matini inayostahili uhakiki, kama tulivyoukubali wimbo wa taarabu na filamu.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka kuliko yote. Mwongozo unaweza kuandikwa mwaka ujao, na mikataba inaweza kurekebishwa baadaye. Wazee wanaohesabu moja, mbili, chachu bila kujisahihisha wanazidi kupungua, na wajukuu wao tayari wameshika simu mkononi.